Mwongozo: Kusoma Alama za Utupaji kwenye Pakiti za Wipes na Kuzifuata Nyumbani

Swali la kama wipes, yaani vile vitambaa vyenye unyevu vya kupangusia, zinaweza kutupwa chooni haliishi. Huulizwa na wazazi wenye watoto wachanga, huulizwa na wapangaji waliozoea choo cha shimo na sasa wamehamia kwenye choo cha kuvuta, na siku hizi huulizwa hata na wenye maduka walioletewa katoni zenye alama ya kasa (inaelezwa katika hatua ya 2) na hawana la kumjibu mteja. Jibu ni hapana, lakini jibu hilo peke yake halimsaidii mtu aliyeshika pakiti inayosema kinyume chake. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuisoma pakiti, sheria gani imeziweka alama zake, na la kufanya pale ambapo pakiti haina alama yoyote.

Jambo moja nalisisitiza tangu mwanzo kwa sababu ndilo chanzo cha makosa mengi: kukosekana kwa alama ya kukataza si ruhusa. Pakiti hubeba alama zinazodaiwa na sheria ya soko ambako ilikusudiwa kuuzwa. Ndiyo maana kwenye rafu moja ya duka la Kariakoo au Mombasa unaweza kukuta pakiti mbili za wipes zinazofanana kwa kila hali, moja ina alama kubwa ya kukataza na nyingine haina hata moja. Kitambaa ni kilekile, na bomba litaziba vilevile.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Pakiti yenyewe, pamoja na mfuko wa nje ikiwa zilinunuliwa kwa fungu.
- Chupa mbili za kioo zenye vifuniko, vipande viwili vya karatasi ya chooni na kitambaa kimoja cha wipes, kwa ajili ya jaribio la hatua ya 6.
- Pipa dogo lenye kifuniko litakalokaa chooni, na mifuko ya kulitandikia.
- Rula ya sentimita, ikiwa wewe ndiye unayechapisha lebo.
- Jibu la swali hili: maji ya choo chako yanakwenda wapi? Kwenye mtandao wa maji taka wa mji, kwenye karo la maji taka la nyumbani, au kwenye shimo? Kama hujui, muulize mwenye nyumba leo.

Machache ya kujua kuhusu sheria

Karatasi ya chooni imetengenezwa kwa nyuzi fupi zinazoachana zikiloa. Kitambaa cha wipes kimetengenezwa kwa kusudi lililo kinyume kabisa, kwa kuwa kinapaswa kukaa ndani ya majimaji kwa miezi bila kuchanika, na kwa hiyo nyuzi zake ni ndefu, zimefumana, na mara nyingi ni za plastiki. Zikiingia kwenye bomba hushikana na mafuta ya jikoni na kuwa donge. Mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel mjini London, lilipatikana donge la namna hiyo lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130 hivi.

Sheria mbili ndizo zilizozaa alama nyingi unazoziona. Ya kwanza ni ya Umoja wa Ulaya: Agizo namba 2019/904 kuhusu plastiki za kutumika mara moja, pamoja na Kanuni ya Utekelezaji namba 2020/2151 inayoeleza umbo na vipimo vya alama, ambayo ilianza kutumika tarehe 3 Julai 2021. Ya pili ni kundi la sheria za majimbo ya Marekani. Washington lilitangulia mwaka 2020, na California lilifuata kwa sheria ya AB 818 iliyopitishwa mwaka 2021 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2022, kisha yakafuata majimbo mengine kadhaa.

Hatua kwa hatua

1. Tambua pakiti ilikusudiwa soko gani. Geuza pakiti na utafute anwani ya mtengenezaji au mwingizaji, kisha hesabu lugha zilizochapishwa. Pakiti yenye Kifaransa, Kijerumani na Kiholanzi kwa pamoja karibu daima ilikusudiwa Ulaya. Usitumie jina la nchi ilikotengenezwa kama kipimo, kwa kuwa kiwanda kimoja kilichopo Uturuki au China hutengeneza pakiti za masoko mengi, kila moja na lebo yake.

2. Tafuta alama mbili za kukataza. Ya kwanza ni ya Ulaya. Ina visanduku viwili vilivyokaa sambamba, kimoja chekundu chenye mchoro wa choo uliokatwa kwa mstari, na kingine cha buluu chenye kasa aliyezungukwa na taka. Chini yake kuna ukanda mweusi wenye maneno "PLASTIC IN PRODUCT", au "PLASTIQUE DANS LE PRODUIT" kwa pakiti ya Kifaransa, yaani bidhaa hii ina plastiki. Alama hii inasema mambo mawili kwa wakati mmoja: usitupe chooni, na ukitupa ovyo, plastiki hii itafika baharini.

Ya pili ni ile inayotumika Marekani na ambayo watengenezaji wengi wa nchi nyingine wameikubali kwa hiari. Ni duara lenye mstari wa mshazari, na ndani yake mtu aliyesimama mbele ya choo akidondosha kitu. Huandamana na maneno "Do Not Flush", yaani usitupe chooni ukavuta maji. Itafute kwenye uso wa mbele na pia kwenye upande wa kifuniko kinachofunguliwa, kwa sababu sheria ya California inataka kwa pakiti laini za plastiki alama iwepo pande zote mbili endapo upande wa kutolea si uso wa mbele.

3. Tenganisha alama hizo na zile zinazofanana nazo. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, nami ningeomba uisome hatua hii mara mbili. Mchoro wa mtu anayetupa kitu kwenye pipa, usio na mstari wa kukataza, ni agizo la kutumia pipa. Wapo wanaouona kwa haraka wakadhani kile chombo ni choo. Mishale mitatu inayofukuzana kwa mzunguko huhusu mfuko wa plastiki wa pakiti, si kitambaa kilichomo ndani, na wipes zilizotumika hazirejelezwi kokote kwenye mfumo wa taka za nyumbani. Duara la mishale miwili iliyopindana, ambalo huonekana sana kwenye bidhaa za Ujerumani, huonyesha kwamba mtengenezaji amechangia gharama za mfumo wa kukusanya vifungashio, na halikuambii lolote kuhusu kutupa. Kikopo kilichofunguka chenye maandishi kama 12M ni idadi ya miezi ambayo bidhaa hufaa kutumika tangu ifunguliwe.

4. Pima maneno ya sifa kabla ya kuyaamini. Maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya pakiti ni ya kuuzia bidhaa. "Biodegradable" maana yake ni kwamba kitu kinaweza kuoza, lakini neno hilo halisemi kitaoza wapi wala kwa muda gani, na bomba la nyumba yako hupitisha maji kwa dakika chache tu. "Plastic-free" maana yake ni kwamba hakuna plastiki, na hilo ni jema kwa bahari, ila kitambaa cha pamba kisicho na chembe ya plastiki huziba bomba sawasawa na kile chenye plastiki. Hapo pana pengo la kweli katika sheria ya Ulaya: alama ya kasa inadaiwa kwa wipes zenye plastiki pekee, kwa hiyo pakiti ya wipes za viskosi (nyuzi zinazotengenezwa kwa massa ya mbao), ambayo miongozo ya Umoja wa Ulaya haiihesabu kuwa plastiki, inaweza kuuzwa huko bila alama hiyo na bado isifae kabisa kwa choo.

Neno gumu zaidi ni "flushable", linalodai kwamba bidhaa inafaa kutupwa chooni. Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliitoza kampuni ya Pental faini ya dola 700,000 za nchi hiyo mwaka 2018 kwa kudai hivyo kuhusu wipes zake za kusafishia choo, ilhali hazikuwa zikiachana kama karatasi. Uingereza nako, alama ya "Fine to Flush", iliyoanzishwa mwaka 2019 na umoja wa makampuni ya maji ili kuthibitisha bidhaa zilizofaulu majaribio, ilisitishwa mwaka 2024, na ujumbe ukabaki kwamba wipes zote ziende kwenye pipa. Ushauri wangu ni uleule hata kwa bidhaa zilizofaulu majaribio: majaribio hayo hayakufanywa kwenye bomba lako, lenye mteremko hafifu na ndoo ya maji inayomwagwa kwa mkono siku ambazo maji yamekatika.

5. Soma kitambaa kimetengenezwa na nini. Orodha ya viambato mara nyingi hueleza majimaji tu, yaani maji, sabuni na manukato, na kitambaa hutajwa pembeni au kisitajwe kabisa. Ukikuta poliesta, polipropilini au PET, hiyo ni plastiki. Ukikuta viskosi, layoseli au pamba, si plastiki, lakini rejea hatua ya 4. Ukikuta kimya, chukulia kwamba ina plastiki.

6. Fanya jaribio la chupa. Tia maji kiasi sawa katika chupa mbili. Katika moja weka vipande viwili vya karatasi ya chooni, katika nyingine weka kitambaa kimoja cha wipes. Funga, tikisa kila moja kwa nguvu kwa nusu dakika, ziache kwa saa moja, kisha utikise tena. Chupa ya karatasi itakuwa na uji mweupe. Katika chupa ya pili utakiona kitambaa kikielea kizima, kingo zake zikiwa bado zimenyooka, na ukikitoa na kukivuta kwa mikono miwili kitarefuka kabla ya kuchanika, kama kitachanika. Jaribio hili halikupi kibali cha kutupa chochote chooni, hata kama kitambaa kitalegea. Faida yake kubwa ni kwa watu wa nyumbani, kwa maana kijana anayebisha maelezo hubisha kwa shida akiishika chupa.

7. Tupa kwa mpangilio huu. Kunja kitambaa upande mchafu ukiwa ndani. Kama kina kinyesi kingi cha mtoto, kikung'ute kwanza chooni pasipo kukiachia, kisha kifungwe pamoja na nepi. Kiweke kwenye pipa lenye kifuniko, funga mfuko unapojaa, na uupeleke kwenye taka za kawaida zinazochukuliwa na gari. Usikiweke kwenye lundo la mboji, na usikitupe kwenye mtaro wa mvua, kwa kuwa mtaro huo katika miji yetu ya pwani huishia baharini bila kuchujwa popote.

*Tahadhari:* wipes za kuua vijidudu na za kusafishia vioo mara nyingi huwa na spiriti. Usiziweke karibu na jiko wala mshumaa, na usizichome pamoja na takataka za uani. Zile zenye plastiki hutoa moshi wenye madhara kwa wanaouvuta.

8. Andika tangazo lako mwenyewe chooni. Lebo ya pakiti humfikia aliyeinunua, lakini mgeni huitoa wipes mkobani mwake na hakuna anayeiona pakiti. Kwenye nyumba ya kupangisha au ya wageni, bandika ukutani, usawa wa macho ya mtu aliyeketi, maneno mafupi kama haya: "Tafadhali usitupe wipes, pedi wala nepi chooni. Tumia pipa lililo kulia kwako." Pipa liwe kweli liko kulia, tena karibu kiasi cha kufikiwa bila kuinuka. Tangazo lisilo na pipa halifuatwi na mtu yeyote.

Kwa anayechapisha lebo yake

Wajasiriamali wanaofungasha wipes kwa jina lao, au wanaotaka kuuza nje, huuliza alama inapaswa kuwa na ukubwa gani. Hata kama soko lako la leo halikudai, nakusihi uiweke, na vipimo vilivyopo ni vya kuazima.

Kanuni ya Ulaya inataka alama ya kasa ilazwe kwa usawa kwenye uso wa mbele au wa juu wa kifungashio. Kipimo chake cha chini ni sentimita 1.4 kwa 2.8. Uso wa pakiti ukiwa mkubwa, alama inapaswa kufunika angalau asilimia 6 ya uso huo, na kipimo cha juu kinachodaiwa ni sentimita 3 kwa 6. Chukua mfano wa pakiti yenye uso wa sentimita 20 kwa 10. Eneo lake ni sentimita za mraba 200, asilimia 6 yake ni 12, na kwa kuwa upana wa alama ni mara mbili ya kimo chake, utahitaji takriban sentimita 2.45 kwa 4.9. Pakiti ya sentimita 25 kwa 15 ingetoa 22.5 kwa hesabu hiyohiyo, lakini hapo kikomo cha 3 kwa 6, yaani 18, kinatosha. Maneno yawe katika lugha rasmi ya nchi inakouzwa bidhaa. Stika ziliruhusiwa katika mwaka wa kwanza tu, na sasa alama inachapishwa moja kwa moja kwenye kifungashio. Vifungashio vyenye eneo lililo chini ya sentimita za mraba 10 vimesamehewa.

California inahesabu kwa namna nyingine. Alama ya kukataza inapaswa kuwa na eneo lisilopungua asilimia 2 ya uso mkuu wa kuonyeshea bidhaa, na maneno "Do Not Flush" vilevile yana asilimia 2 yake. Kwa pakiti yetu ya 20 kwa 10, hiyo ni sentimita za mraba 4, sawa na mraba wa sentimita 2 kila upande. Kisha kuna sharti la mwonekano, ambalo wachapishaji wengi hulikosa: tofauti kati ya alama na mandhari yake isipungue asilimia 70. Chukua kiwango cha kuakisi mwanga cha rangi nyeupe zaidi, toa kile cha rangi nyeusi zaidi, gawanya kwa kile cha kwanza, zidisha kwa 100. Rangi yenye kiwango cha 85 juu ya yenye 10 inatoa asilimia 88, inafaulu. Rangi ya 85 juu ya kijivu cha 40 inatoa asilimia 53 tu, haifai, ingawa machoni mwa mbunifu inapendeza. Anayekiuka sheria hiyo anaweza kutozwa hadi dola 2,500 kwa siku, na isizidi dola 100,000 kwa kosa.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara ni mawili. La kwanza ni kuiweka alama juu ya mkunjo au chini ya ile karatasi ya gundi inayobanduliwa, ambapo hutoweka mara pakiti inapofunguliwa. La pili ni kuandika "inaoza yenyewe" karibu na alama ya kukataza, jambo linalomfanya msomaji achague sentensi inayompendeza.

Mambo yakiharibika

*Kitambaa kimeshaingia chooni.* Kama bado kinaonekana, vaa glavu ukitoe. Usivute maji tena kwa matumaini kwamba kitapita, kwa sababu kikipita kwenye tundu la choo hukwama mbele, mahali ambapo huwezi kukifikia.

*Maji yanashuka polepole.* Angalia kama ni choo kimoja au na sinki pia. Choo kimoja pekee humaanisha kizuizi kiko karibu, na waya wa kuzibulia wa fundi bomba hutosha. Vyote vikizubaa kwa pamoja, fungua chemba (shimo la kukagulia bomba) iliyo karibu na nyumba: ikiwa imejaa, kizuizi kiko mbele yake, na ikiwa ni kavu, kiko kati yake na nyumba. Usimwage magadi makali wala tindikali, kwa kuwa hazitaondoa kitambaa, na fundi atakayefungua bomba atakutana na maji yanayounguza.

*Karo linajaa mapema kuliko zamani.* Wipes haziozi ndani ya karo. Huchukua nafasi na kuziba bomba la kutokea. Lifanye gari la kunyonya litoe pia uchafu ulioganda juu, na umwombe dereva akuambie alichokiona.

*Ni choo cha shimo, kwa hiyo hakuna bomba la kuziba.* Bomba lipo, nalo ni la gari la kunyonya. Vitambaa hujisokota kwenye mdomo wake, kazi husimama, na wafanyakazi hulazimika kuvitoa kwa ndoano au kwa mikono. Wipes hazifai shimoni.

*Pakiti ina alama ya kukataza na pia neno "flushable".* Fuata alama, kisha mwambie mwenye duka. Chini ya sheria ya California, bidhaa inayopaswa kubeba alama hiyo hairuhusiwi kudai kwamba inafaa kutupwa chooni.

*Pipa linanuka.* Kifuniko hakifungi vizuri, au mfuko unakaa muda mrefu mno. Utoe kila siku wakati kuna mtoto anayetumia nepi, na unyunyize magadi ya kupikia chini ya mfuko mpya.

*Wipes zimetolewa kwenye pakiti na kuwekwa kwenye kopo la kujaziwa.* Kata alama kutoka kwenye pakiti ya zamani, au ichore, na uibandike kwa gundi ya uwazi kwenye kifuniko cha kopo, mahali mkono unapopita kila kitambaa kinapotolewa.